Ukuta Uliofika Mabati

Watu wa Nakuru wakimtaja Mzee wa Kanisa huanza na sauti yake. Ni kweli, sauti alikuwa nayo. Jumapili asubuhi alisimama mlangoni mwa kanisa letu la mabati, akaita "Karibuni" mara moja tu, na watu wa mtaa wa pili wakaanza kufunga vifungo mbiombio. Lakini mimi niliishi nyuma ya nyumba yake miaka mingi, tumetengwa na ua wa michongoma, na nikianza na sauti sitafika popote. Mimi huanza na mlango.

Mlango wake ulikuwa wa mbao za mtarakwa, umepakwa rangi ya kijani ambayo ilifanana mno na rangi ya stesheni. Aliipataje, hatukuuliza. Miaka ile ya hamsini Mwafrika mwenye nyumba yake mjini alikuwa wa kuonyeshwa kidole. Sisi wengine tulikaa landhi za reli, vile vyumba vya wafanyakazi, au tukapanga chumba kimoja, kitanda huku na jiko kule, na mgeni akija mnamkalisha kwenye kitanda. Yeye kanju, yaani baraza la mji, walimpa ploti, akajenga kwa matofali, vyumba vitatu na sakafu ya simiti, jikoni ikiwa nyuma. Sharti la kanju lilikuwa moja: nyumba ya familia moja, hakuna kugawanya, hakuna kupangisha bila idhini. Wengine sharti kama hilo lingewaudhi. Yeye aliligeuza mahubiri.

"Nyumba moja, mlango mmoja, Bwana mmoja," alikuwa akisema, kidole juu, na macho yake yakitafuta wale wanaume waliokuwa na mke hapa mjini na mwingine kule nyumbani Magharibi. Wanaume hao waliinamisha vichwa kama wanaosali. Sisi wanawake hatukuinamisha.

Kazi yake ilikuwa kubadilisha reli pale stesheni, ili treni ya Kisumu ishike njia ya Kisumu na ya Uganda ishike ya Uganda. Anavuta chuma, njia inahama. Mimi nadhani kazi hiyo ndiyo iliyomharibu. Mtu akizoea kuvuta chuma na treni nzima ikamtii, atafikiri na binadamu wako vivyo hivyo. Filimbi yake ya kazi aliibeba hata siku za mapumziko, katika mfuko wa koti, na watoto wakipigana mtaani aliipuliza nao wakaachana palepale. Hata mume wangu, mtu mzima na ndevu zake, aliachia kijiko siku moja alipoisikia.

Na kofia. Kofia yake ya reli aliivua kwa mambo mawili tu, chakula na jeneza. Kwa mzungu aliigusa ukingo, basi. Ukipita na maiti ya mtu asiyemjua hata kwa jina, angesimama kando ya barabara kichwa wazi mpaka mmepita. Kuna mtu alifia stesheni akiwa safarini, hana ndugu, hana anayejua lugha yake. Mzee wa Kanisa alinunua mbao, akatengeneza jeneza kwa mikono yake uani, akatulazimisha kwaya nzima twende tukamwimbie. Tuliimba tukinong'onezana tumezika nani. Yeye alilia.

Sisemi haya kumpamba. Nasema kwa sababu ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa mtu mbaya.

Wakati wa hali ya hatari, siku za Mau Mau, askari walipokuwa wakizunguka mitaa kukusanya Wakikuyu, walifika kanisani siku ya mazoezi. Tulikuwa na Wanjiru, msichana wa sauti ya kwanza. Askari akasema huyo atoke. Mzee wa Kanisa akasimama mlangoni, akaujaza.

"Huyu anaimba sauti ya kwanza," akasema. "Mkimchukua, Jumapili ataimba nani? Wewe?"

Yule askari akamtazama, akatazama wenzake, wakacheka, wakaenda. Baadaye walimchukua Wanjiru mahali pengine, sokoni, ambako Mzee hakuwapo. Lakini siku ile alisimama, na bunduki ilikuwa karibu na kifua chake kuliko nilivyo karibu na meza hii. Wengine wote tulikuwa tunatafuta mahali pa kujificha nyuma ya viti. Niliona mtu anayeweza kusema neno moja mbele ya bunduki. Kwa hiyo baadaye, aliposhindwa kusema neno moja mbele ya mtu mwenye utepe wa kupimia, sikuweza kujidanganya kwamba alikuwa mwoga.

Sasa nieleze la mama yangu, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini natafuna maneno.

Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawalali chini ya paa moja. Si uadui, ni heshima. Hawashikani mikono, hawapishani mlangoni, na akija mmoja usiku mwingine hutafuta pa kulala. Nilipojifungua Jerida, kifungua mimba wangu, mama alikuja kwa treni kutoka Maragoli kunisaidia. Alikuja na unga wa wimbi na majani ya kumwogeshea mtoto. Tulikwisha kupanga: mume wangu alale kwa rafiki yake landhini, mama alale nami chumbani, mpaka kitovu cha mtoto kianguke. Ndivyo inavyofanywa. Mama wa mzazi haondoki kitovu hakijaanguka.

Mzee wa Kanisa akapata habari. Akaja jioni ileile, akasimama katikati ya chumba chetu, na chumba kikawa kidogo zaidi.

"Mume halali nje ya nyumba yake kwa sababu ya giza la zamani," akasema. "Mko ndani ya Kristo au mko nje? Tundikeni pazia, mlale."

Mume wangu akasema, "Mzee, ni siku chache tu."

"Hata moja. Ukilala nje, meza ya Bwana usiikaribie, na mtoto huyu sitamsimamia abatizwe."

Mume wangu kazi ya reli aliipata kwa mkono wa Mzee huyuhuyu. Akatundika pazia. Shuka langu la harusi, la maua mekundu. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka, mtoto mapajani, amesikia yote. Mzee alipotoka, aliniuliza kwa lugha yetu, taratibu kabisa, "Mwanangu, huyu naye ana mama mkwe?"

"Anaye, mama. Yuko huko Molo, kwenye shamba la mzungu."

Alinirudishia mtoto, akatoka nje, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mpaka kukapambazuka, na Nakuru mwezi wa saba si mahali pa kukaa nje. Asubuhi akapanda treni. Kitovu kilianguka siku ya tatu baada ya yeye kuondoka, na nilimwogesha mtoto peke yangu kwa majani ambayo sikujua vipimo vyake. Mama alifariki kabla sijapata nauli ya kwenda kumwona.

Jumapili iliyofuata Mzee wa Kanisa alitutaja kanisani kuwa mfano wa nyumba ya Kikristo.

Jerida alikuwa ameanza kutembea wakati mama mkwe wa Mzee alipofika. Mumewe alikuwa mfanyakazi wa shamba huko juu Molo. Mume huyo akafa, na nyumba ya shamba ni ya kazi. Kazi ikiisha na nyumba imeisha. Mzungu alimpa mjane siku za kufungasha. Akaja kwa binti yake, Rasoa, mke wa Mzee wa Kanisa, akiwa na blanketi, kuku mmoja na mfuko wa maharagwe. Alifika mbele ya ule mlango wa kijani, akakataa kuingia. Akaketi ukutani nje. Nilimwona kupitia michongoma, nikaelewa mara moja, na sitaficha kwamba nilifurahi. Nikasema moyoni, tundikeni pazia sasa.

Pazia halikutundikwa. Mzee wa Kanisa akaanza kufanya kazi ya usiku. Kila siku zamu ya usiku. Rasoa aliniambia baadaye kwamba hakuna zamu kama hiyo, alikuwa akilala kwenye kibanda cha stesheni, amejikunja juu ya magunia. Asubuhi alirudi macho mekundu, akala amesimama jikoni, akaondoka. Kanisani akaendelea kuita "Karibuni."

"Si umwambie atundike pazia?" nikamwuliza Rasoa tukiwa bombani.

Rasoa alikuwa mwanamke mpole, mwenye meno mazuri aliyoyaficha kwa mkono akicheka. Siku hiyo hakucheka. "Mama Jerida," akasema, "nilijua utaniuliza. Nilikuwa nangoja tu siku. Hawezi. Anasema miguu yake inakataa kuvuka mlango mama akiwa ndani."

Kumbe miguu yake ilikuwa na mila. Miguu ya mume wangu ndiyo ilikuwa na giza.

Kulikuwa na mzee mmoja wa kwetu aliyelinda duka la Mhindi, mtu asiyekanyaga kanisa. Mzee wa Kanisa alimwendea kwa siri kuuliza, nyumba moja inaweza kuwa mbili namna gani? Yule mlinzi akamjibu bila kucheka, na hilo nalo ni heshima: ukuta upandishwe mpaka uguse mabati, pasiwe na nafasi ya kupita hata mkono. Mlango wa pili uangalie upande mwingine. Moto uwe wake na moshi utoke peke yake. Hapo ni nyumba mbili, mtu na mama mkwe wake wanaweza kulala. Ajabu ni kwamba kanju nao, ukitaka kugawa nyumba, walidai mambo yaleyale: ukuta kamili, mlango wake, jiko lake. Basi akaenda kanju akaomba nyumba yake ya familia moja igawanywe iwe mbili. Yeye, mtu wa nyumba moja, mlango mmoja.

Aliyetumwa kukagua alikuwa Bwana Afya, kijana Mluo mwenye soksi ndefu na utepe wa kupimia. Rasoa alikuwa sokoni. Mama mkwe alikuwa nyuma ya jikoni akipukuchua maharagwe. Mimi nilikuwa naanika nepi za Jerida, na ua wetu ulikuwa mfupi.

Bwana Afya alipima, akagonga ukuta, akaandika. "Mzee, nyumba iko sawa. Nataka kujua tu, hii upande ingine atakaa nani? Ni mtu ya familia yako?"

Lilikuwa swali jepesi. Mzee alifungua mdomo kulijibu. Kisha akainua macho akaniona, mimi na nepi mkononi. Tulitazamana. Sikufanya ishara yoyote, nilimtazama tu, kama mtu anavyotazama saa kujua treni imechelewa kiasi gani.

"Mpangaji," akasema.

"Mpangaji gani?"

"Mpangaji tu. Mtu wa heshima zake."

Nyuma ya jikoni maharagwe yaliacha kudondoka kwenye ungo. Kisha yakaanza tena.

Idhini ikatoka. Ukuta ukajengwa mpaka ukagusa mabati, mlango wa pili ukatobolewa upande wa barabara, na jikoni ikaangukia upande ule wa pili, Rasoa akawa anapikia jiko la makaa. Mama mkwe akaingia. Mzee akarudi kitandani mwake, uso ukanenepa. Rasoa alikuwa akitoka mlango wa kijani na sahani ya chakula, anazunguka pembe ya nyumba, anaingia kwa mama yake, na katika kuzunguka huko alikuwa akiimba. Mzee na mama mkwe walijuliana hali kwa kukohoa. Anakohoa huku, anakohoa kule, siku imekucha. Mimi nilikuwa nikisikiliza na kinywa changu kichungu, lakini siwezi kusema haikuwa nyumba yenye amani.

Kisha Bwana Afya akarudi, safari hii na mkokoteni. Juu ya mkokoteni palikuwa na kitanda, na nyuma ya mkokoteni karani wa soko, mfanyakazi wa kanju. Nyumba mjini zilikuwa haba. Palipoidhinishwa mpangaji, lazima awe mtu mwenye kazi na kibali cha mji, na kama mwenye nyumba hana wa namna hiyo, kanju wanaleta wao. Bibi kizee aliyetoka shamba hakuwa na kazi wala kibali.

Rasoa akasimama mbele ya ule mlango mpya. "Huyu ni mama yangu. Mama aliyenizaa."

Bwana Afya alishangaa kweli. Akafungua karatasi, akaifunga. Hakuwa mtu mbaya, nasema hivyo kila mara. "Mama, sikiza. Kama huyu ni mama yenu, hiyo ni familia moja, na familia moja ni nyumba moja. Hii ukuta itoke, hii mlango ifungwe, bibi akae na nyinyi hata miaka mia, hakuna mtu atauliza. Mimi nitasema kulikuwa makosa. Lakini kama ni mpangaji, hana kibali, hawezi kaa. Mzee mwenyewe aseme. Aseme tu neno moja."

Mzee akaitwa kutoka stesheni. Alikuja na koti la kazi, watu wameshajaa barabarani, nusu yao watu wa kanisa.

"Baba Enosi," Rasoa akamwambia mumewe. "Mwambie ni nani."

Mzee alitazama ukuta. "Ukuta hauwezi kutoka," akasema.

"Basi ni mpangaji?" akauliza Bwana Afya, kwa upole, kama anayempa nafasi ya pili.

Mzee wa Kanisa akavua kofia. Hapakuwa na chakula na hapakuwa na jeneza. Akaishika kifuani kwa mikono miwili.

"Ni mpangaji," akasema.

Rasoa hakupiga kelele. Aliingia kwa mama yake, akafunga lile blanketi, kisha akazunguka pembe, akaingia mlango wa kijani na kutoka na nguo zake ndani ya shuka. Bibi alipita mbele ya mkwewe, naye mkwe akageuza uso, jinsi mila inavyotaka. Mila aliishika mpaka mwisho. Treni ya Kisumu jioni hiyo ilishika njia ya Kisumu sawasawa, na sote mtaani tulijua nani aliivutia chuma. Huko kwao bibi hakuwa na nyumba wala shamba, alikuwa ameondoka akiwa msichana. Walianza kwa kulala katika ghala la jirani.

Jumapili Mzee alisimama mlangoni akaita "Karibuni." Alisema mkewe amekwenda kumwuguza mama. Hakuna aliyemzuia kuikaribia meza ya Bwana. Sisi tuliotishiwa kunyimwa meza hiyo kwa ajili ya siku chache za kitovu tulimwona anagawa mkate, na tukaupokea. Ule msemo wa nyumba moja hatukuusikia tena. Rasoa hakurudi.

Miaka ilipita, uhuru ukaja, mume wangu akastaafu reli na tukarudi nyumbani, si mbali na alipokuwa Rasoa. Jerida akaolewa na kijana wa kiwandani, wakapata chumba huko Free Area, mtaa wa Nakuru. Alipojifungua kifungua mimba wake, nilipanda gari nikaja Nakuru na unga wa wimbi. Sijamaliza hata kunywa chai nikaletewa ujumbe: Mzee wa Kanisa anasema mama wa Jerida afike kwake.

Nilikwenda. Nilitaka kuuona ule ukuta.

Rangi ya kijani ilikuwa imebanduka. Alikuwa amezeeka vibaya, shingo inaogelea ndani ya kola, na kwa kuwa jikoni ilibaki upande wa pili, alikuwa akipikia jiko la makaa kizingitini. Nyuma ya ukuta redio ya mpangaji, sijui wa ngapi, ilikuwa ikitangaza mpira. Alivua kofia aliponiona. Ndani palikuwa pamefagiwa na kitanda kimetandikwa shuka safi.

"Karibu, Mama Jerida. Nimesikia umekuja kwa mtoto," akasema. Ile sauti ilikuwa imekwisha. "Najua shida yako. Nyumba ya binti ni chumba kimoja na mkweo yuko. Basi wewe utalala hapa. Mimi nitalala kanisani. Nimeshaongea nao. Mila ni mila."

"Hiyo umejifunza lini, Mzee?"

"Nilikuwa najua siku zote," akasema. "Hata siku ile mama yako alikaa kwa ndoo. Nilitoka nje kumwangalia mara mbili. Nilikuwa najua kabisa."

"Na ukatuambia pazia."

"Nilikuwa mzee wa kanisa."

Upande wa pili mtu alifunga bao, mpangaji akapiga ukuta kwa furaha, na vumbi la chokaa likadondoka juu ya lile shuka safi. Mzee alilipangusa kwa kiganja, taratibu.

"Rasoa hajambo?" akauliza bila kuniangalia.

"Hajambo. Hakunipa salamu."

Akatikisa kichwa, kama aliyeambiwa bei ambayo tayari aliijua. Kisha akaonyesha tena kitanda. "Basi utalala?"

"Asante, Mzee. Nitalala kwa binti yangu. Tumetundika pazia."

Nilikuwa namdanganya, pazia halikuwapo. Nilirudi Free Area nikamwambia Jerida atoe shuka. Mkwe wangu aliposikia alishtuka, akasema yeye ataenda kwa rafiki, nikamwambia hapana, baba, hapa ni kwako, lala. Alilala upande wake akikohoa kwa haya, nami nikikohoa upande wangu, na paa likawa moja. Mgongo wangu ulikuwa baridi usiku kucha kana kwamba nimekalia ndoo. Asubuhi nilichemsha majani, nikamwogesha mtoto kwa mikono yangu mwenyewe, na sikuondoka Nakuru mpaka kitovu kilipoanguka.